Mpima Ardhi Aliyetafuta Mahali pa Kupumzika

Kama una mume, baba au mjomba anayekaribia kustaafu, msomee hii kabla hajauza nyumba. Mimi nimetumiwa na shemeji yangu, sijui yeye kaitoa wapi. Nilikuwa nasonga ugali. Nimeisoma nimesimama, mwiko mkononi, na ugali umeungua mpaka majirani wameuliza. Sijutii. Ukiimaliza, mpelekee na mwenzako.

Alikuwepo mpima ardhi mmoja wa serikali, jina lake Kanuti. Maisha yake yote alikuwa anapima viwanja vya watu na kuchimbia bikoni, yale mawe ya mipaka ambayo ukiyasogeza umetafuta ugomvi. Mkewe aliitwa Skolastika, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Devota, kwa jina la binti yao wa kwanza. Mumewe naye alimwita hivyo hivyo, na yeye akamwita Baba Devota, kama tunavyoitana wengi wetu.

Siku ya kumuaga kazini walimpa blanketi na kiti cha kuegemea. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema maneno yale yale: "Mzee wetu umefanya kazi, umechoka, sasa nenda ukapumzike." Mkuu wa idara kasema. Padre kasema. Mpaka mama aliyepika pilau naye kapewa kipaza sauti, kasema. Kanuti akalishika lile neno na kutoka nalo. Kupumzika. Ukawa ndio wimbo wake nyumbani.

Alikuwa na kitu kimoja alichokipenda kupita vyote: boti. Boti ndogo nyeupe ya faiba, yenye injini nyuma, aliyoihifadhi kwa rafiki yake kando ya Ziwa Tanganyika. Haikuwa ya kuvulia. Ilikuwa ya kutembelea tu. Wavuvi walimwona anaondoka asubuhi hana nyavu, anarudi hana samaki, wakavunjika mbavu.

"Mzee, leo umepata nini?"

"Nimepata hewa."

"Basi mpelekee mama akaikaange!"

Zamani utani huo aliupenda sana. Tangu astaafu, akawa haupendi. Simu ikiita, ananuna. Jirani akibisha hodi, anasema mwambieni sipo. Ni kweli watu walikuwa wamemzoea: vikao vya harusi yeye, migogoro ya mipaka yeye, kamati ya kanisa yeye. Alikuwa amechoka, tusimcheke. Siku moja akamwambia mkewe, "Mama Devota, tuhamie ziwani. Mimi, wewe na boti. Tutafute mahali ambapo hakuna mtu atakayeniita."

Mama Devota alikubali kuhama. Hilo la kutoitwa ndilo lililomkosesha raha, maana alimjua mumewe: ni mtu wa kuchokozwa ndipo achangamke. Alishamwona anapungua. Anakula kidogo, anaongea kidogo, anakaa kwenye kile kiti anatazama ukuta. Mama wa watu alikuwa anaogopa kumpoteza, na hakujua amwambieje hilo mtu ambaye yuko pale pale mezani.

Wakapakia hema, jiko la mkaa, sufuria na unga, wakaanza kufuata ufuko, mji baada ya mji. Kila walikotia nanga Kanuti aliuliza kwa maneno yale yale: "Habari zenu, jamani. Natafuta mahali pa kupumzika."

Mji wa kwanza ulikuwa na dagaa walioanikwa mpaka karibu na mlango wa kanisa, na muziki kutoka kila kibanda. Mwenyekiti wa mwalo, yaani pale boti zinapofikia, alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Aliposikia huyu ni mpima ardhi, alipiga makofi.

"Wewe ndiye tuliyekuwa tunamwomba! Kesho kuna kikao. Tuna ugomvi wa eneo la kuanikia, na hapa hakuna wa kutupimia."

Kanuti aliwasha injini hata chai waliyokaribishwa haijapoa.

Mji wa pili ulikuwa wa upepo. Boti zote zilikuwa zinaruka kwenye kamba zake, na watu wanaongea kwa kupaza sauti kama wamegombana. Mwenye nyumba ya kupangisha aliwaambia wazi, "Hapa, mzee, ukilala bila kukagua kamba, asubuhi boti yako iko Kongo, inaongea Kilingala."

"Nimeacha kazi ya serikali nije niajiriwe na kamba?" alisema Kanuti. Wakaondoka.

Baada ya hapo ufuko ukawa miamba na msitu, hakuna watu. Kanuti alikuwa na ramani, na kwenye ramani mbele hapakuwa na kitu. Lakini walipozunguka rasi moja ya mawe, mchana kweupe, wakaona ghuba.

Upepo ulikoma. Si kwamba ulipungua, ulikoma. Maji yalikuwa bapa kabisa. Mama Devota aligeuka nyuma, akaona boti inakwenda lakini haiachi mkia wowote majini. Injini ilikuwa inazunguka pale pale mkononi mwa mumewe, lakini sauti yake ilisikika kwa mbali, kama ni ya boti ya mtu mwingine.

"Baba Devota, turudi."

"Turudi wapi? Hebu tazama kwanza."

Ufuko ulikuwa umefagiwa. Boti zilipangwa mstari mmoja, safi, zimepakwa rangi, na zote zimelazwa kifudifudi mchangani. Hakuna hata moja iliyokuwa majini. Nyuma yake walisimama watu, wazee wa rika la Kanuti wenye mashati yaliyopigwa pasi, na wanawake waliojitanda kanga. Walisimama kama watu walioambiwa mgeni anafika saa ngapi. Jogoo hakuwika, mtoto hakulia, hapakuwa na moshi wala harufu ya samaki. Jamani, ufuko wa Tanganyika usionuka samaki! Mimi hapo hapo ningegeuza boti, na nanga ningeiacha.

Mzee mmoja mrefu, aliyesema anaitwa Zeno, alimshika Kanuti mkono. "Karibu sana, mzee."

Kisha akamshika Mama Devota kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. "Pole, mama."

"Asante, safari haikuwa mbaya," Mama Devota alijibu.

Zeno akasogea pembeni. Akaja wa pili: "Karibu, mzee. Pole, mama." Wa tatu hivyo hivyo. Mstari mzima. Yeye karibu, mimi pole, alijisemea Mama Devota. Sawa, sisi pole tunapeana kwa kila kitu, ukijikwaa pole, ukinyeshewa pole. Lakini kuna pole na kuna pole. Ile ya mikono miwili na macho chini, mtu mzima yeyote anajua inatolewa wapi.

Kanuti hakuona lolote. Alishaanza na wimbo wake: "Habari zenu, jamani. Natafuta mahali pa..."

"Tunajua," alisema Zeno. "Pako tayari."

Akampeleka mwishoni mwa mstari wa boti. Palikuwa na nafasi iliyosawazishwa vizuri, mchanga laini. Kwa mazoea ya kazi, Kanuti akapapima kwa macho. Paliingia boti yake, basi, na kidogo pembeni.

"Padogo," alisema.

"Panakutosha. Boti yenyewe itakufunika."

Kanuti alicheka. Alidhani ni utani wa wenye boti.

"Na majirani?"

"Huyu hapa kushoto kwako. Hasumbui."

"Vikao mnavyo?"

"Hatuna."

"Simu?"

"Haishiki."

"Mawimbi je?"

"Hayajawahi kuingia humu."

Machozi yalimlenga Kanuti, na yalikuwa ya furaha, ndilo linalonitisha mimi. "Naweza kuhamia lini?"

"Leo hii alasiri, ukitaka. Hapa hatumchukui mtu kwa nguvu. Utasimama mbele ya watu, utasema neno moja tu: nimefika. Ukishalisema, hakuna atakayekuita tena."

Huku nyuma wanawake walikuwa wamemchukua Mama Devota kwenye baraza moja. Viti vilikuwepo, lakini viliegemezwa ukutani. Walimkalisha mkekani, wakamzunguka, wakanyoosha miguu, wakakaa kimya. Mmoja alimwekea kikombe cha uji mbele yake, na hakuna aliyemhimiza anywe.

Mama Devota alikuwa kiongozi wa jumuiya ya kanisa kule kwao. Misiba aliyokaa haihesabiki. Mkao ule aliujua kama jina lake, ila siku zote yeye alikuwa miongoni mwa wanaozunguka. Hakuwahi kuwa wa katikati.

Akamgeukia mwanamke aliyekuwa karibu naye zaidi, mwenye kanga nyeupe iliyofifia. "Dada, samahani. Mbona mnanipa pole?"

"Ya mzee, mama."

"Mzee gani?"

"Mzee wako."

"Mzee wangu yule pale, si mnamwona? Anacheka."

"Tunamwona." Mwanamke yule alisema kwa upole kabisa. "Amepita mji kwa mji anaomba mahali pa kupumzika. Tumemsikia. Kwani kwenu, mtu akiwatoka, mnatangaza mnasemaje?"

Mama Devota alifungua mdomo, na jibu likaja lenyewe. Tunasema amepumzika. Tunasema tutampumzisha kijijini kwake, Jumamosi, baada ya misa.

Alitazama kule ufukoni, akaona wanaume wameinyanyua boti yao nyeupe kutoka majini, bila kelele, bila hata yule wa kusema haya vuta. Wakaigeuza kifudifudi.

Akainuka. Mikono ikamshika nguo, mikono mingi, taratibu.

"Kaa, mama. Mfiwa hasimami."

"Mfiwa mama yenu!" alisema Mama Devota, na Mungu amsamehe, maana siku zote ni mtu wa heshima. Akajinyofoa. Kitenge alichojifunga kikabaki mikononi mwao, naye akakimbia mchangani na gauni lake.

Kanuti alishasimama mbele ya watu. Uso wake ulikuwa umelainika, hauna kunyanzi hata moja. Mama Devota alikuwa hajauona hivyo tangu walipooana, na badala ya kumfurahisha ukamtisha.

"Baba Devota, usiseme hilo neno!"

"Ah, umefika wakati mzuri. Njoo usimame hapa, ushuhudie."

"Hujui unasema nini. Watu hawa si... Twende nyumbani, mume wangu. Nakuomba."

"Nimechoka, Mama Devota." Alisema bila ubaya. "Hapa hakuna anayenihitaji."

"Na mimi?"

"Wewe utazoea."

Utazoea! Hebu msikieni. Mwanamke amempikia, amemuuguza, amemzalia, amefuatana naye kwenye kiboti cha kutafuta hewa, anaambiwa utazoea. Machozi aliyokuwa nayo Mama Devota yalikauka yote. Zikapanda hasira, na zilikuwa hasira za kweli, msije mkadhani alikuwa anatumia akili.

"Sawa," alisema, mikono kiunoni. "Pumzika. Pumzika mpaka uchoke kupumzika. Ila kabla hujaenda uwaambie na hawa wenzako kwamba jiko letu liko kwenye kiwanja cha jirani."

Hapo niwaeleze, maana hamwijui hiyo. Kule kwao kulikuwa na jambo ambalo watu walilisema chinichini tu: kwamba mpima ardhi wa mkoa mzima, alipojenga kwake, alijenga jiko likaingia kwa jirani. Kanuti hakuwahi kulikubali. Ilikuwa ukitaka kumfukuza mezani, taja jiko.

Macho ya Kanuti yalirudi kidogo kutoka yalikokuwa. "Jiko haliko kwa jirani."

"Liko kwa jirani. Nikikoroga uji, mwiko uko kwake."

"Bikoni ilisogezwa!"

"Nani kaisogeza? Panya?"

"Mama Devota, nimekueleza mara ngapi? Kwanza, ile bikoni ya kaskazini haikuwa..."

"Mzee," alisema Zeno taratibu. "Neno."

"Ngoja kidogo. Ile bikoni haikuwa pale siku ninapima. Kulikuwa na mti..."

"Hakukuwa na mti."

"Kulikuwa na mti, wa mlonge! Ulikuwa hujahamia hata! Ukakatwa, na siku unakatwa..."

"Basi, nimeelewa. Umekosea kupima, umekubali, pumzika sasa."

"Sijakubali! Usinikatize! Sijamaliza!" Mishipa ya shingo ilimsimama, mate yalimruka. "Unasikia? Mimi sijamaliza!"

Hapo ndipo Mama Devota alipogundua kwamba muda wote ule watu walikuwa wanavuta pumzi pamoja, kwa sababu sasa waliacha.

Zeno alishusha mkono uliokuwa begani kwa Kanuti. Uso wake ulikuwa na masikitiko, au labda wivu, Mama Devota hakuweza kujua.

"Amesema hajamaliza," aliwaambia wenzake. "Mrudishieni boti yake."

Hakuna aliyebisha. Wanaume waliigeuza boti, wakaisukuma majini. Mama Devota alimvuta mumewe mkono, naye akapanda huku bado ananyoosha kidole kuonyesha mti wa mlonge ulipokuwa umesimama. Wakati wanasukumwa, Mama Devota aliinama ukingoni mwa boti.

"Na wewe, mzee," alimuuliza Zeno. "Hukuwa na mtu wa kugombana naye?"

"Nilikuwa na mke mwema," alisema Zeno. "Nilimwambia nimechoka. Akasema sawa, baba, pumzika. Alinipenda sana, akaninyamazia."

Nyuma yake, kule barazani, mwanamke mwenye kanga nyeupe alijifunika uso.

Walitoka kwenye ghuba. Walipoizunguka rasi, upepo uliwapiga mashavuni na maji yakawarukia, na injini ikanguruma kwa sauti yake yote. Kanuti alishika usukani kwa muda mrefu, kisha akapunguza mwendo.

"Nilikuwa karibu kulisema," alisema. "Lile neno. Lilikuwa ulimini."

"Najua."

"Niliipenda ile nafasi, Mama Devota. Niliipima kwa macho, nikaona inanitosha." Akalia waziwazi, mzee mzima, na mkewe akamwacha alie, kisha akamfuta uso kwa upindo wa gauni. Akamwambia kwamba siku nyingine akimjibu utazoea, atamtupa ziwani yeye mwenyewe.

Walifika kwenye ule mji wa upepo jua likiwa bado liko juu. Boti zilikuwa zinaruka kwenye kamba, na mtu mmoja aliyekuwa anashona tanga aliwapigia kelele kutoka ufukoni.

"Mzee! Unatafuta nini?"

Kanuti alifungua mdomo. Mkewe alimfinya paja kwa nguvu.

"Natafuta pa kufunga boti!" Kanuti alijibu.

"Funga hapa karibu na yangu. Halafu njoo unishikie hiki kitambaa, mikono hainitoshi!"

Kanuti alimtazama mkewe, akashuka majini mpaka magotini, akaenda.

Funzo: Unapostaafu, usichague mahali kwa sababu hakuna atakayekuita, chagua mahali ambapo watakuita hata ukiwa umelala. Na mzee wako akikwambia amechoka na kila kitu, usimnyamazie kwa heshima. Mgombeze mpaka arudi.